Kirangozi na Msafara Wake

Kiswahili kina majina mengi ya mtu anayekwenda mbele ya wenzake: kiongozi, mkuu, jumbe, mwenyekiti. Sisi tuliozaliwa Tabora tulirithi jina moja zaidi ambalo siku hizi ni nadra kusikika hata vijijini, nalo ni kirangozi. Katika misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi kwetu Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji, kirangozi ndiye aliyetangulia. Alivaa vazi jekundu na manyoya kichwani, akashika bendera, na karibu naye akaenda mpiga ngoma. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Richard Burton, Mwingereza aliyefika hapa pamoja na mwenzake Speke mwezi Novemba 1857 na kuuita mji wetu Kazeh, ameandika kwamba aliyethubutu kumtangulia kirangozi alichomolewa mshale mmoja podoni mwake, ili jioni kambini atambulike na kutozwa faini.

Yapo mambo mawili juu ya kirangozi ambayo watu huyasahau. La kwanza ni kwamba mali haikuwa yake. Pembe, nguo, shanga na nyaya za shaba zilikuwa za tajiri, na tajiri huyo mara nyingi alikuwa nyuma kabisa, au alikuwa Unguja amekaa barazani anahesabu riba. La pili ni kwamba kirangozi naye alikuwa mpagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Wa kirangozi huenda ulikuwa mwepesi kidogo, lakini ulikuwa mzigo, na ulikuwa begani. Kazi yake kubwa ilikuwa kuijua njia na kuanzisha wimbo. Yeye akitoa, wenzake wakaitikia, na kwa kuitikia huko miguu ikasahau uchovu.

Nimeanza na kirangozi kwa sababu nataka kusema habari za mwanamuziki mmoja ambaye hakuzaliwa Tabora wala hakukaa Tabora, lakini ambaye kwangu mimi maisha yake hayaeleweki vizuri bila ya njia hii ya zamani. Namsema Ramazani Mtoro Ongala, aliyejulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la Dokta Remmy. Kwa miaka mingi aliongoza bendi ya Super Matimila, akaifikisha Ulaya, kisha katika miaka ya mwanzo ya 2000 akaiacha bendi na muziki wa dansi, akaimba peke yake nyimbo za dini hadi alipofariki dunia Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Wengi wamelizungumza jambo hilo la kuacha bendi kwa hasira au kwa furaha, kutegemea msimamo wa mtu katika dini. Mimi nataka kulitazama kama mtu wa Tabora anavyotazama msafara: nani alikuwa mbele, mali ilikuwa ya nani, na wimbo ulikwenda wapi kirangozi alipotoka njiani.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, Kongo ya mashariki. Kindu uko ukingoni mwa mto Lualaba, kaskazini ya Nyangwe na Kasongo. Majina hayo mawili kwa mtu wa Unyanyembe si majina ya mbali. Kasongo ndiko alikofanya makao yake Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Ituru, hapa hapa kwetu, na kuoa binti wa mtemi Fundikira. Kutoka hapa misafara ilivuka Ziwa Tanganyika, ikaingia Manyema kutafuta pembe, na ikarudi na pembe na watu. Wamanyema waliokuja upande huu, wachache walikuja kwa hiari na wengi walikuja kwa minyororo. Wajukuu wao wakawa Waswahili wa Ujiji, wa Tabora na wa Kariakoo, Dar es Salaam. Sisi tulicheza nao, tukaoana nao, na katika ngoma za mji walikuwa daima watu wa mbele. Sitaki kuipamba njia hii. Ilikuwa njia ya machozi. Lakini ndiyo iliyokipeleka Kiswahili Lualaba, na Kiswahili kikabaki huko baada ya pembe kwisha na Waarabu kushindwa, kikaitwa Kingwana, kikaanza kuishi maisha yake.

Ushahidi mmoja mdogo unanifurahisha. Katika albamu yake ya mwaka 1992 iitwayo Mambo, Remmy ana wimbo aliouita Inchi Yetu. Nilipokuwa nafundisha, mwanafunzi akiandika "inchi" badala ya "nchi" nilimpigia mstari mwekundu, kwa sababu kwetu inchi ni kipimo cha fundi seremala. Lakini ukifungua vitabu vya Kiswahili vya karne ya 19 utakuta wazee wameandika hivyo hivyo, inchi. Neno lile lilitoka pwani, likapita Tabora kichwani mwa wapagazi, likatua Manyema na kuhifadhiwa, na miaka mia baadaye likarudi Dar es Salaam katika kinywa cha mwimbaji. Watu wa Dar walicheka lafudhi yake ya Kizaire, kama walivyoiita. Kumbe walikuwa wanacheka Kiswahili cha babu zao.

Njia ya Remmy mwenyewe haikunyooka. Alifiwa na wazazi mapema. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na hadithi aliyopenda kuisimulia ni kwamba alizaliwa na meno, kwa hiyo akahesabiwa kuwa mtoto wa ajabu mwenye kipaji cha uganga, na nywele zake hazikukatwa. Ndiyo asili ya ule "udokta". Alipiga gitaa katika bendi za vijana nchini Kongo, akafika Uganda, na mwaka 1978 mjomba wake, Mzee Makassy, akamwita Dar es Salaam ajiunge na Orchestra Makassy. Wakati ule Dar es Salaam ilikuwa imejaa Wakongo wapigao muziki. Maquis walikuwa wamekwisha kuja kutoka Katanga, na Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili alikuwa mtu mkubwa. Makassy walipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki. Akajiunga na Super Matimila.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, maana pana jambo linalopitwa haraka. Matimila halikuwa jina la mtindo wala la kijiji alikotoka Remmy. Lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Bendi iliyokuja kuwa sauti ya wanyonge wa Tanzania ilibeba jina la tajiri aliyekuwa na magitaa.

Jambo hilo halikuwa la aibu wala la ajabu. Hapa kwetu Tabora lilikuwa hivyo hivyo. Mji huu, pamoja na vumbi lake na miembe yake, ulikuwa mji wa muziki. Katika miaka ya 1950 Salum Zahoro aliongoza Kiko Kids, na nyimbo zao zilisikika mbali kuliko tulivyosikika sisi katika jambo jingine lolote, ukiacha asali na Shule ya Wavulana aliyosoma Nyerere. Ikafuata Nyanyembe Jazz. Watu wa magharibi waliokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha waliunda huko Western Jazz, chini ya Iddi Nhende, na mtindo wao wa Saboso. Kisha Tabora Jazz, wana Segere Matata, ambako Shem Karenga, aliyetoka Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma, aliimba Dada Asha. Wimbo huo umeimbwa harusini hata leo na vijana wasiojua kwamba una mwenyewe. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na mtu akitaja jina la mtindo ulijua bendi, mji, na pengine hata mtaa.

Lakini ukiuliza vyombo ni vya nani, jibu lilikuwa moja kati ya matatu: vya chama au jumuiya yake, vya shirika la umma, au vya tajiri fulani. Mwanamuziki alikuwa na vidole vyake na koo lake. Gitaa la umeme, amplifaya, maikrofoni, tarumbeta, vyote hivyo viliagizwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni katika miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa adimu kuliko sukari. Mwimbaji aliyechoka na bendi yake hakusema "nakwenda kuimba peke yangu". Aliulizia ni wapi pana tajiri mwingine aliyeleta vyombo vipya. Tuliwasema wanamuziki kwa tabia ya kuhamahama, tukawafananisha na wachezaji wa mpira, na ni kweli walihama sana. Wachache wetu tuliuliza walikuwa wanakimbilia nini.

Baba yangu mdogo alipiga gitaa la besi katika bendi moja ya mji huu. Sitaitaja jina, kwa sababu waliohusika wana wajukuu. Alilipiga miaka tisa. Ilipotokea kutoelewana juu ya kiingilio cha mlangoni, mwenye vyombo alivikusanya usiku mmoja akavifungia stoo, akatia kufuli. Bendi haikuvunjwa na mtu. Haikugombana, haikuaga. Ilikuwa tu haina cha kupigia. Wenzake wawili walipanda treni kwenda Dar es Salaam, mmoja akaenda Mwanza, naye akarudi shambani Isikizya kulima tumbaku. Miaka mingi baadaye ukimkuta jioni amekaa nje ya nyumba, mkono wake wa kushoto ulikuwa bado unatembea juu ya mpini wa jembe, vidole vinabonyeza nyuzi zisizokuwepo. Nilimwuliza siku moja, "Baba, kwa nini hamkununua vyombo vyenu wenyewe?" Akacheka sana. Akasema, "Mwanangu, hata kamba ya gitaa tuliomba."

Tena hata wimbo ukishapigwa haukuwa wa aliyeutunga. Bendi ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarekodi, ikapewa malipo madogo, na kanda ikabaki radioni. Sahani zilichapishwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikawa ngumu. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, lakini ilikuwa sheria ya kabatini. Ile mpya ilitungwa mwaka 1999, na chama cha kuisimamia, COSOTA, kikaanza kazi mwaka 2001. Kufikia wakati huo Mbaraka Mwinshehe alikuwa amekufa miaka zaidi ya ishirini, na Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Nimemtaja Mbaraka kwa makusudi. Yeye ndiye aliyejaribu kabla ya wengine. Aling'ara na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Mwaka 1973 alijitoa, akaanzisha Super Volcano. Tazama lakini: hakuanza kuimba peke yake. Aliunda bendi nyingine. Mtu mashuhuri kuliko wote katika gitaa la Tanzania, ambaye jina lake pekee lingejaza ukumbi wowote, alipoacha bendi aliona hana budi kutafuta bendi. Akafa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa safarini kikazi.

Wenzetu wa Uingereza mambo yao yalikwenda vingine. Katika miaka ile ile palikuwa na bendi ya muziki wa roki iitwayo Genesis, na mwimbaji wake aliyekuwa akivaa maleba ya ajabu jukwaani, Peter Gabriel. Mwaka 1975 alijitoa. Genesis haikufa, mpiga ngoma wao, Phil Collins, akashika maikrofoni, na bendi ikazidi kutajirika. Gabriel naye mwaka 1977 akatoa sahani kwa jina lake mwenyewe, akakodi wapigaji awatakao, akawalipa, wakaenda zao. Nyimbo zilikuwa zake kwa sheria, na kila zilipopigwa radioni kulikuwa na senti iliyomrudia. Kwao, kujitoa katika bendi ni kama kijana kuhama kwa baba yake kwenda kupanga chumba. Kwetu ilikuwa ni mpagazi kuacha msafara katikati ya mbuga ya Mgunda Mkali, na maji yako mbele siku tatu.

Simtaji Gabriel kwa ajili ya kulinganisha tu. Huyu ndiye aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia nzima lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1982, na WOMAD ndiyo iliyompeleka Remmy na Super Matimila Ulaya mwaka 1988. Studio ya Gabriel ya Real World, katika kijiji cha Box, Uingereza, ndiyo iliyotoa albamu zao mbili, Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 na ile Mambo ya 1992. Kwa hiyo walikutana chini ya paa moja: mtu aliyeacha bendi kwa sababu aliweza, na mtu aliyebaki na bendi kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni kwamba bila bendi hapakuwa na mahali pa kusimama.

Hata hivyo nisiseme kwamba Remmy alibaki Matimila kwa kukosa pa kwenda. Hilo litakuwa ni kumpunja. Sikiliza nyimbo za miaka ile, Kifo, Karola, Muziki Asili Yake Wapi, utaona kwamba alihitaji watu wa kusema nao. Remmy hakuwa mwimbaji wa sauti tamu. Kasongo Mpinda wa Maquis alimpita kwa utamu, Marijani alimpita kwa unyoofu wa maneno. Yeye mwenyewe alijiita Sura Mbaya na kuwachekesha watu. Alichokuwa nacho ni mazungumzo. Katikati ya wimbo alisimama akaanza kusema kama mzee barazani, juu ya mauti, juu ya maskini na tajiri, juu ya mke na mume, na magitaa matatu nyuma yake yakamjibu. Moja lilikubali, jingine likabisha, la tatu likacheka. Ukiyaondoa magitaa yale, mzee wa baraza anabaki anasema na ukuta.

Ndipo pale nasema alikuwa kirangozi kweli kweli. Alivaa manyoya, watu wote walimtazama yeye. Alianzisha, wengine wakaitikia. Na alibeba mzigo. Alipoimba Mambo kwa Soksi, akiwataka wanaume wajikinge na UKIMWI kwa kondomu, Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Kila mtu katika nchi hii aliujua wimbo ambao haukupigwa radioni. Hapa Tabora kaseti zake zilitoka kituo cha treni asubuhi, mchana zikawa zimerudufiwa, jioni zinaimbwa vilabuni. Katika miaka ile tulizika vijana karibu kila wiki, na waliokufa hatukusema wamekufa kwa nini. Tulisema homa, tulisema kifua, tulisema amelogwa. Mtu wa Kindu, mgeni aliyechekwa kwa lafudhi, alisema neno hilo kwa sauti katika ukumbi wa dansi, wakati wenyeji wa mimbari na wa majukwaa walikuwa wanakohoa kohoa. Mimi nilikuwa mwalimu. Nilijua somo lile lingenichukua vipindi ngapi kulifundisha, kama ningeruhusiwa kulifundisha.

Kisha likaja hilo la kuacha. Aliugua kiharusi, mwili ukapungua nguvu. Akaokoka, akatangaza kwamba muziki wa dansi ameuacha, akaanza kurekodi nyimbo za Injili kwa jina lake. Waliokuwa wapenzi wake walinung'unika. Nilisikia maneno makali katika mji huu, hata kutoka kwa watu waliokuwa hawajapata kununua kaseti yake halali hata moja. Walisema amewatupa wanyonge. Walokole nao walishangilia kama timu iliyofunga bao. Nilivyoona mimi, pande zote mbili zilikuwa zinagombania kitu ambacho hakikuhama. Remmy wa Matimila aliimba juu ya kifo, juu ya Mungu, juu ya maskini. Remmy wa Injili aliimba juu ya kifo, juu ya Mungu, juu ya maskini. Ni watu wangapi walioacha dansi kwa ajili ya dini bila kulazimika kubadili mada?

Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena aliyemjibu. Katika kanda zile za mwisho muziki wa nyuma ni kinanda, na kinanda hukubali kila kitu. Hakibishi. Sauti yake, ambayo zamani ilikuwa inapigana kupenya kati ya saksafoni na magitaa, sasa ilikuwa mbele peke yake, wazi, na ilisikika imechoka. Wapo waliopenda hivyo, nami nawaelewa, maana mgonjwa anayesali ana haki ya kusikika bila makelele. Lakini nikiulizwa ni kipi nitakachowapa wajukuu zangu wakitaka kujua Remmy alikuwa nani, nitawapa Kifo, na dakika zake zote.

Jambo la ajabu ni wakati wenyewe. Remmy alikuwa mtu mzima anayetoka katika bendi kuwa mwimbaji wa peke yake miaka ile ile ambayo nchi nzima ilikuwa inafanya hivyo bila kujua. Radio za watu binafsi zilikuwa zimeanza mwaka 1994, studio za chumba kimoja zikaota kama uyoga, na kijana mwenye maneno yake na nauli ya daladala aliweza kurekodi wimbo alasiri moja kwa kinanda na kompyuta. Muziki wa kizazi kipya, Bongo Flava, ni muziki wa mtu mmoja mmoja. Vijana hawa hawakuacha bendi, kwani hawakupata kuwa nayo. Baadhi ya wazee wenzangu huwalaumu kwamba hawajui kupiga chombo. Chombo kipi? Kile kilichofungiwa stoo? Kompyuta ndiyo iliyovunja lile kufuli. Kwa mara ya kwanza tangu Kiko Kids, mtunzi hakuhitaji kumpigia magoti mwenye magitaa. Hilo ni jema, na nitalisema hata mbele ya baba mdogo. Lakini msafara nao umetawanyika, kila mpagazi na njia yake, na wimbo wa kuitikiana umekuwa adimu.

Shem Karenga hakwenda njia hiyo. Tabora Jazz ilipokwisha hapa nyumbani, alipita bendi nyingine, kisha akawa na Tabora Jazz Stars huko Dar es Salaam, akaliweka jina la mji wetu juu ya bango katika kumbi za mji wa watu. Aliimba na wenzake nyuma yake hadi karibu na kifo chake, Desemba 2014, miaka minne baada ya Remmy. Sikusikia mtu akimlaumu kwa kubaki. Wala sikusikia mtu akimlipa.

Huko Sinza, Dar es Salaam, karibu na alipokuwa akiishi Remmy, watu walikiita kituo cha daladala "Kwa Remmy". Nimewahi kushuka hapo. Konda alipolitaja jina hakuna abiria aliyegeuka, maana kwao lilikuwa ni jina la mahali, kama Mwenge au Magomeni. Matimila, mwenye vyombo, sijui kituo kinachoitwa kwake.

Mara ya mwisho nilipomletea baba mdogo zawadi ya muziki ilikuwa kaseti ya Remmy ya nyimbo za dini, nakala ya kurudufu niliyoinunua sokoni, jalada lake karatasi ya fotokopi. Tuliisikiliza kwa redio yake ya betri chini ya mwembe, upande wote wa kwanza, bila kusema neno. Yeye ni Mwislamu, hakujali. Mkono wa kushoto ulikuwa pajani, umetulia, na hilo lilinishangaza kuliko nyimbo zenyewe. Kaseti ilipofika mwisho na kujizima, akaniuliza, "Besi anapiga nani humu?" Niligeuza jalada, nikasoma mbele na nyuma. Palikuwa na jina moja tu.